Sauti Mbili za Mkurugenzi

Mkurugenzi wetu alikuwa na sauti mbili. Moja aliisikia yeye peke yake, humo ndani ya kichwa chake, na kwa maelezo yake ilikuwa nene, ya kutikisa madirisha. Nyingine tuliisikia sisi wengine wote, na hiyo ilikuwa ya mbuzi aliyefungiwa chooni. Sisemi haya kwa chuki. Nimedeki ofisi yake miaka mingi, na anayedeki chini ya meza ya mtu humjua kuliko anayelala naye. Nasema tu ili uelewe jinsi mjukuu wangu alivyokaribia kumwaga unga kwa kosa la kusema ukweli.

Ofisi yetu ni ya vyeti. Mtu akizaliwa analetwa kwetu, akioa anakuja mwenyewe, akifa wenzake wanakuja kwa niaba yake, na wote hukaa kwenye mabenchi yaleyale wakisubiri namba. Kuna madirisha saba. La saba halikuwa limefunguliwa hata siku moja tangu nianze kazi, lakini lilikuwa na kiti, na kalenda ya kila mwaka mpya lilipewa.

Namba zilikuwa zinaitwa kwa mdomo na karani wa dirisha la kwanza, mama mmoja ambaye ofisi nzima inamwita Shangazi. Sauti yake ni ya kawaida tu, safi, kama ya mtu anayemwita mwanawe aje kula. Akisema namba ishirini, wa ishirini anasimama. Hakuna aliyewahi kulalamika, na pengine hilo ndilo lilikuwa tatizo, maana kwetu kitu kisicholalamikiwa ndicho huundiwa kamati.

Basi kamati ikaundwa, ikanunua mtambo wa kuitia namba. Kompyuta moja, spika nane za kutundika ukumbini, na nyaya za kutosha kumfunga ng'ombe. Mtambo ukahitaji fundi, na fundi aliyepatikana ni mjukuu wangu wa kike. Nimemlea tangu ananyonya. Alisomea mambo ya sauti na mitambo miaka mitatu, kisha akakaa nyumbani miwili akitengeneza redio za majirani ambao walilipa kwa kumwombea. Ofisini alipewa miezi sita ya majaribio. Miezi hiyo ilikuwa inaisha, na barua ya kumthibitisha kazini ilikuwa juu ya meza ya Mkurugenzi, imechapwa, ina mhuri, imekosa saini tu. Kila asubuhi nikipangusa meza niliinyanyua, nikapangusa chini yake, nikairudisha palepale. Niliijua ile karatasi kama ninavyoijua pua yangu.

Mwenyewe alianza vizuri. Alirekodi sauti ya Shangazi ikihesabu moja mpaka mia, akampelekea Mkurugenzi asikilize. Mkurugenzi akasikiliza mpaka tano.

"Sauti ni nzuri," akasema, "lakini ni ya karani. Mwananchi anapoitwa anatakiwa asikie uongozi."

"Asikie uongozi," akasema Naibu wake.

Huyo Naibu tulimwita Mwangwi, na sidhani kama nahitaji kueleza. Mkurugenzi naye tulimwita Ngurumo, kwa kumsuta. Siku alipogundua jina hilo alitembea wiki nzima kifua mbele.

Hapa inabidi nikueleze kuhusu masikio yangu, maana bila hayo hadithi haiendi.

Yaliharibika nikiwa darasa la pili. Yalitoa usaha, ngoma zikatoboka, mwalimu akanihamishia dawati la mbele, na huko ndiko nilikomalizia darasa la saba, karibu na fimbo. Nilipokuwa mtu mzima daktari wa masikio alinipima kwa uma wa chuma wenye meno mawili. Aliugonga gotini, ukalia, akauweka mbele ya sikio langu. Nikasikia kidogo sana, kama mbu wa nyumba ya jirani. Kisha akaugandamiza kwa kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio, na kichwa chote kikajaa king'ora.

"Mama," akasema kwa kupaza, "sauti ina milango miwili. Wa hewa kwako umeharibika. Wa mfupa ni mzima, na huko ndani kabisa hakuna ugonjwa."

Tangu hapo nikaacha kuhangaika na masikio nikaanza kutumia mifupa, na mtu akiwa mbele ya macho yangu namsoma midomo. Nikitaka kusikia redio nyumbani, nang'ata mwiko wa mbao, ncha yake naigusisha kwenye redio, na taarifa ya habari inaingia kwa meno. Ofisini, korido ya wakubwa ina kuta za mbao nyembamba, na dekio langu lina mpini mrefu. Naegemeza ncha moja ukutani, nyingine naweka chini ya taya, natulia kama mtu aliyechoka. Anayepita anasema masikini Bibi Kiziwi, apewe kiti. Sijamkatalia mtu. Nimejitia hamnazo mpaka nimezeeka nazo, na hakuna siri ya ofisi ile ambayo haijapita kwenye taya langu.

Sasa, mambo ya mifupa si ya viziwi peke yao. Wewe unayesoma hapa, ukiongea, sauti yako inatoka mdomoni, inazunguka hewani, inaingia sikioni kwako kama mgeni yeyote. Lakini nyingine haitoki nje kabisa. Inapita kwenye taya na fuvu, inafika ndani bila kubisha hodi. Na mfupa unapenda sauti nene. Kwa hiyo kila mtu anajisikia mnene kuliko alivyo, na siku akisikia sauti yake kwenye simu anasema, huyo si mimi. Wengi hucheka, wakazoea. Mkurugenzi wetu hakuzoea, kwa sababu tangu apate cheo hakuna aliyemlazimisha kuzoea kitu.

Siku ya kurekodi nilikuwa koridoni na mpini wangu chini ya taya. Ndani walikuwa watatu: Mkurugenzi, Mwangwi na mjukuu wangu. Nilisikia Mkurugenzi akikohoa mara nne, akinywa maji, akitamka, "Namba kumi na saba, nenda dirisha la saba." Kisha kimya, kisha mbuzi kutoka kwenye spika.

"Nani huyo?" akauliza Mkurugenzi.

"Ni wewe, mzee," akasema mjukuu wangu.

"Nimeuliza vizuri. Huyo anayelia humo ni nani?"

"Anayelia humo," akasema Mwangwi.

"Ni mzee mwenyewe. Namba kumi na saba, dirisha la saba. Umesema sasa hivi."

"Kusema nimesema. Lakini huyu siye aliyesema."

Wakabadilisha kipaza sauti. Mbuzi yuleyule. Wakaazima kingine kwa watu wa ukumbi wa harusi. Mbuzi, tena safari hii alisikika karibu zaidi. Mjukuu wangu akaipeleka sauti kwenye kompyuta akainenepesha, na Mkurugenzi akasema hiyo ni ya mtu aliyeangukia kwenye tangi la maji. Siku ya tatu binti akachoka. Nilijua amechoka kwa sababu alifanya lile ambalo mtu mwenye barua mezani kwa mkubwa hafanyi.

"Mzee, niseme ukweli?"

"Sema."

"Mashine haina ubaya. Hiyo ndiyo sauti tunayoisikia sisi. Unayoijua wewe inapita kwenye mifupa ya kichwa, hakuna mwingine anayeipata."

"Sisi nani?"

"Sisi wote, mzee."

Mkurugenzi akamuuliza Naibu wake. "Na wewe unasikia hiyo?"

"Mimi?" akasema Mwangwi. "Mimi nasikia ngurumo, mzee. Tangu siku niliyoajiriwa."

"Umesikia, binti? Masikio yako ndiyo mabovu. Pengine ni ya ukoo." Hapo walicheka, na mimi ukutani nikatabasamu kwa adabu. "Ijumaa saa nne nataka kusikia sauti yangu. Yangu. Ukishindwa, hii barua nitaichana tutafute anayejua kazi."

"Mtoto wa dada yangu anajua sana kompyuta," akasema Mwangwi. Kumbe kuna siku huwa na maneno yake mwenyewe. Mtoto huyo nilimjua. Kompyuta aliijua kwa mchezo wa karata.

Jioni ile mjukuu wangu aliingia jikoni akakaa kwenye ndoo bila kuvua viatu. Mimi nilikuwa na mwiko mdomoni, nasikiliza redio.

"Bibi, toa huo mwiko. Watu wakikuona watasema umechanganyikiwa."

Nikautoa. "Nani kafa?"

"Mimi," akasema, "Ijumaa saa nne."

Tukakaa kama tunavyokaa tukiwa na la maana. Tangu mtoto alijua kwamba nisipomsikia, aniegemeze paji lake la uso kwenye paji langu aseme taratibu. Hivyo hata akinong'ona nampata neno kwa neno. Akanieleza yote niliyokwisha kuyasikia ukutani, nami nikashangaa mahali pa kushangaa. Mwisho akasema, "Nimefanya kila kitu. Siwezi kumtolea sauti ambayo iko ndani ya fuvu lake."

"Nani kakwambia uitoe?"

"Yeye."

"Yeye anataka kuisikia. Kuitoa na kuisikia ni vitu viwili, mke mwenzangu." Ndivyo ninavyomwita tangu babu yake yu hai, maana wote wawili tulimgombania. "Chukua pamba, ziba masikio. Sasa ng'ata."

"Mwiko huu?"

"Una mchuzi kidogo, hauui."

Akayaziba, akaung'ata mwiko kwa uso wa mtu anayekunywa dawa ya minyoo, akagusisha ncha kwenye redio. Nikaona macho yakimtoka. Mtangazaji wa jioni, kijana mwenye sauti ya filimbi, alikuwa amemwingia kichwani na sauti ya mtu mzima mwenye kitambi. Alibaki hivyo mpaka matangazo ya vifo yakaisha.

"Bibi," akasema alipoutoa, "miaka yote hii unasikia hivi?"

"Na nyinyi mnanihurumia."

Akacheka, kisha uso ukamshuka. "Lakini huo ni uongo. Tutamwambia ni kifaa cha kurekebisha sauti, kumbe ni mti."

"Uongo ni ule anaopewa bure kila siku na Mwangwi. Sisi tunamrudishia chake. Sauti ni yake, mifupa ni yake, sisi tunaleta mti tu."

Tatizo lilikuwa mti wenyewe. Mkurugenzi hawezi kung'ata mwiko, hata kama nyumbani kwake anaung'ata. Ilihitajika mbao ngumu, kavu, nyembamba, iliyonyooka. Nikafikiria vitu vyote ninavyovijua vya namna hiyo, nikakuta ninachokijua kuliko vyote ni kimoja. Kesho yake nilikata kipande cha shubiri moja na nusu kutoka kwenye mpini wa dekio langu. Niliuosha. Mimi si mtu mbaya. Niliuosha mara moja.

Mjukuu wangu akaupiga msasa mpaka ukang'aa, ncha moja akaivika ngozi nyeusi aliyoichuna kwenye mkoba wangu wa zamani, akaulaza ndani ya kasha refu juu ya kitambaa chekundu. Ukiutazama usingejua. Ulionekana kama kitu cha kutoka ng'ambo, cha kuletwa na mtu mwenye glavu.

Ijumaa saa nne nilikuwa ofisini kwa Mkurugenzi napangusa dirisha ambalo lilikuwa safi tangu juzi. Mjukuu wangu akafungua kasha.

"Mzee, hiki ni kisikilizio. Sauti ya mtu mkubwa inakaa kwenye mfupa, kwa hiyo inasikilizwa kwa mfupa. Unaziba masikio, unang'ata hapa penye mti, huku penye ngozi panagusa spika."

"Kwenye ngozi," akasema Mwangwi.

Mkurugenzi akautazama ule mpini wangu kwa heshima ambayo mimi mwenyewe sijawahi kupewa. Akaziba masikio kwa pamba. Akaung'ata. Binti akabonyeza.

Sijui kama umewahi kumwona mtu akikutana na mpenzi wake aliyepotea miaka mingi. Kope zilimshuka. Mabega yakalegea. Mate yakaanza kumtiririka kidevuni taratibu, akayaacha. Alisikiliza moja mpaka arobaini bila kupumua vizuri, na alipofika dirisha la saba alitoa mguno kama mtu anayekandwa mgongo.

Akautoa mdomoni. "Ndiye," akasema, kwa sauti ya mbuzi. "Ndiye huyu. Mlikuwa mmemficha wapi?"

"Alikuwa humohumo, mzee," akasema mjukuu wangu, na hilo lilikuwa kweli tupu. Kisha akabonyeza tena, akazima mtambo, taa yake nyekundu ikafa.

Mwangwi hakuiona hiyo taa. Alikuwa ameshanyoosha mkono. "Mzee, na mimi niruhusu." Akaupokea mpini na mate ya bosi wake vyote pamoja, akaung'ata, akagusisha kwenye spika iliyokuwa kimya kama kaburi. Akafumba macho. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya raha.

"Ngurumo tupu," akasema. "Nimesikia mpaka kwenye magoti."

Mjukuu wangu akanitazama kwa jicho la pembe. Mimi nikaendelea na kioo changu.

Tukangoja saini. Mkurugenzi akaivuta barua, akafungua kalamu, akaifunga. "Nitasaini Jumatatu," akasema, "kwenye uzinduzi. Nikiisikia sauti hiihii ukumbini, mbele ya wananchi, nasaini palepale."

Njia nzima ya kurudi nyumbani mjukuu wangu alihesabu spika kwa vidole. Ukumbini hakuna mfupa, kuna hewa tu. Spika nane zikiwashwa, mbuzi wanane, na mwenye mbuzi yupo hapo anasikia.

"Basi umpe pa kung'ata hukohuko ukumbini," nikamwambia.

Jumamosi na Jumapili seremala wa ofisi alitusaidia bila kuuliza sana, maana naye Mkurugenzi aliwahi kumwimbia harusini kwake. Tulichukua kiti kikubwa chenye mikono ya mbao, spika moja tukaifungia chini ya mkono wa kulia, uso wake umegandamizwa kwenye mbao na kuzungushiwa vipande vya godoro ili isisikike nje, na juu tukasimamisha kipande kingine cha mpini wa dekio langu, urefu wa kufika mdomoni kwa mtu aliyekaa wima. Spika nane za ukumbini zikabaki zimetundikwa pale juu, nzuri, na waya zao zimechomolewa. Shangazi tukampa kitufe mezani. Akikibonyeza, mtambo unaita namba ndani ya kiti, naye papo hapo anaita namba ileile kwa mdomo wake, kama siku zote.

"Kwa hiyo kazi yangu haijabadilika," akasema Shangazi.

"Imeongezeka kitufe," nikamwambia.

"Na yeye atakuwa anasikia nini?"

"Anachosikia siku zote."

Jumatatu ukumbi ulijaa. Watu walikuja kwa vyeti vyao, si kwa uzinduzi, lakini walipoona kiti kimewekwa jukwaani walitulia, wakidhani kuna mtu anang'olewa jino. Mkurugenzi akatoka na suti. Mwangwi akatangaza kwamba ofisi inaingia zama mpya. Mkurugenzi akaketi, akaziba masikio kwa pamba mbele ya watu wote aliokuja kuwahudumia, akaung'ata mpini wa dekio langu, akampungia Shangazi mkono aanze.

"Namba moja, dirisha la pili," akaita Shangazi.

Mtu wa kwanza akasimama akaenda dirisha la pili. Mkurugenzi akamwona akisimama. Kichwani mwake ilikuwa ni yeye aliyemsimamisha. Wa pili akasimama, wa tatu akasimama, na kila aliyesimama Mkurugenzi alizidi kuwa mrefu pale kitini. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa nini yule babu ananyonya fimbo, mama akamwambia ni mgonjwa, amsalimie.

Tulipofika namba tisa nikamwona Mwangwi anatazama juu. Alitazama spika ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane. Akamtazama Shangazi mdomo. Kisha akaanza kutembea kuelekea kitini kwa hatua za mtu aliyeokota kitu cha thamani, na nikajua mtoto wa dada yake anakaribia kupata kazi.

Mjukuu wangu alikuwa kwenye kompyuta, ng'ambo ya ukumbi. Mimi nilikuwa karibu na jukwaa, na ndoo yangu.

Mwangwi akainama sikioni kwa bosi wake. "Mzee, huku ukumbini hatukusikii."

Ziba masikio yako kwa pamba, ung'ate mti unaotetemeka, kisha mtu akunong'oneze; utajua alichosikia Mkurugenzi. Hakusikia kitu. Lakini aliona mdomo wa Naibu unacheza, akaanza kupeleka mkono kwenye pamba ya sikio la kushoto.

Nikasogea na dekio mpaka kwenye viatu vya Mwangwi. Watu tunaosikia kwa mfupa huwa hatupayuki, kwa sababu sauti zetu wenyewe zinatujaa kichwani, kwa hiyo najua kusema jambo likabaki palepale.

"Naibu, baba," nikamwambia, "mweleze tu. Ila ukimaliza mweleze na Ijumaa ulisikia nini. Maana mtambo ulikuwa umezimwa, na mimi nilikuwa napangusa kioo, na kioo kinaonyesha taa."

Alinitazama kama dekio ndilo lililosema. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kugundua kwamba nina mdomo, achilia mbali macho.

Mkurugenzi akawa ameshatoa pamba moja. Akatoa na mpini mdomoni. "Unasemaje?"

Shangazi, Mungu ampe maisha marefu, alikiacha kitufe chake, asiite namba.

"Nilikuwa nasema, mzee..." Mwangwi akatafuta neno ukumbi mzima. "Nilikuwa nasema, ile saba. Unavyoitamka. Dirisha la saba. Ni pigo la aina yake, mzee, lakini namba haziendi huko, kwa hiyo wananchi hawaipati."

Mkurugenzi akalitazama dirisha la saba. Alilitazama kwa muda, kiti chake, kalenda yake. "Kweli," akasema. "Kwa nini dirisha lile limefungwa?"

"Halina mtu, mzee."

"Kuna wewe."

"Kuna mimi," akasema Mwangwi, kwa mazoea, kabla hajaelewa.

Pamba ikarudi sikioni, mpini ukarudi mdomoni. Mwangwi akaenda kufungua dirisha ambalo halijafunguliwa miaka yote hiyo, akapiga chafya mara tatu kwa vumbi, na Shangazi akamtumia namba kumi, kumi na moja na kumi na mbili mfululizo. Kila iliposemwa saba Mkurugenzi alifumba macho.

Hapo ndipo nilipoitoa barua kwenye mfuko wa aproni yangu. Asubuhi nilipopangusa meza niliinyanyua kama kawaida, ila sikuirudisha. Nikaiweka kwenye mkono wa kushoto wa kile kiti, na kalamu juu yake. Mkurugenzi akaitazama barua, akanitazama mimi. Nadhani alitaka kuuliza iweje barua yake iwe kwa mdeki. Lakini kuuliza kunataka mdomo, na mdomo ulikuwa na kazi. Alikuwa amefika dirisha la saba. Akasaini bila kuacha kung'ata, na tone moja la mate likadondoka pembeni ya mhuri.

Jioni mjukuu wangu alinisomea barua yote, paji kwa paji, ingawa kusoma najua. Aliposoma "umethibitishwa kazini" sauti yake ilitetemeka mpaka nikaisikia kwenye fizi.

"Siku akitambua, Bibi?"

"Atatambua kwa lipi? Wa kumwambia yuko dirisha la saba, na foleni yake ni ndefu."

Mpaka leo Mkurugenzi anashuka kila asubuhi saa nne, anaziba masikio, anang'ata, anawaita wananchi. Foleni zinakwenda haraka kwa kuwa madirisha ni saba. Shangazi anaita. Sauti yake imekauka kidogo, lakini hajalalamika.

Aliyepata hasara ni mimi. Dekio langu limebaki na mpini mfupi, na kila nikideki inabidi niiname mpaka mgongo unalia. Nikipita na ndoo mbele ya kile kiti, Mkurugenzi huniona nimeinama, hudhani ni heshima, naye hunijibu kwa kichwa, taratibu, bila kuutoa mpini wangu mdomoni.